Haiko mu Fasi Yake

Kofia ya Mzee Method ndiyo iliyotembea kwanza.

Ilikuwa kofia ya sufu ya kijivu, mwenyewe ameivua na kuitupa kwenye kiti cha nyuma, karibu na Elvire. Gari lilipotoka Skärholmen, pembezoni mwa Stockholm, na kuingia barabara kuu, kofia ilitulia kama paka aliyeshiba. Mshale wa spidi ulipogusa sabini, ikaanza kusogea. Kidole kimoja, kidole kingine, ikielekea mlangoni bila mtu kuigusa. Elvire akaweka kiganja juu ya kiti, akausikia mtetemo ukipanda kutoka chini ya sakafu, ukipita mapajani mwake hadi kwenye meno. Akanyoosha shingo kutazama mikono ya Papa Vedasto, bosi wake, aliyekuwa akiendesha. Usukani ulikuwa umelala tuli.

"Umeusikia?" Mzee Method aliuliza kutoka kiti cha mbele. "Masikio yangu yamezeeka, lakini makalio bado mazima. Gari linanichekecha kama unga."

"Ni tairi," alisema Vedasto.

"Tairi ulibadilisha wiki iliyopita."

"Basi ni rimu." Vedasto akatoa gia, akaliacha gari liteleze lenyewe. Ngurumo ya injini ikashuka. Mtetemo haukushuka. Akarudisha gia haraka, kama mtu aliyefungua mlango usio wake. "Rimu, au kitu kimepinda huko chini. Nilishakueleza kilichotokea, Method."

Macho yake yakaruka kwenye kioo hadi kwa Elvire, kisha yakarudi barabarani.

Mzee Method naye aligeuka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mtanzania wa siku nyingi Stockholm, mhandisi wa maji aliyestaafu, na hilo Land Cruiser la miaka ya tisini alilipenda kuliko alivyopenda kusema. "Binti," alisema, "hata mimi niliwahi kugonga kitu nilipokuwa najifunza. Ila mtu akigonga, anasema."

Elvire hakugonga kitu. Aliitazama kofia ikifika mlangoni na kuanguka sakafuni. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kila neno lililomhusu yeye mwenyewe lilimchukua siku tatu kulitoa. Likitoka, watu walikuwa wameshahamia jambo lingine.

Kilichotokea ni hiki. Wiki tatu kabla, Mzee Method alilileta gari kwa sababu lilikuwa likilia chini, mlio kama wa panya, kila linapoanza kuondoka. Krosi ya propela, kiungo chenye umbo la msalaba, ilikuwa imekauka grisi. Propela ni lile bomba refu la chuma linalotoka kwenye giaboksi na kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Elvire aliliita kardani, kama walivyoliita kwao Uvira, na Waswidi nao waliliita hivyo hivyo. Kila mwisho lina uma wa chuma ulioshika krosi. Katikati limekatwa vipande viwili, kimoja kinaingia ndani ya kingine kwa meno, ili liweze kurefuka na kufupika gari likipanda na kushuka.

Elvire aliyajua hayo kabla ya kujua kuandika jina lake. Marehemu baba yake, Clovis, alikuwa fundi wa malori Uvira, na baadaye fundi wa malori ya chakula katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Elvire aliacha shule darasa la nne ili ampokeze spana. Baba alikuwa na sheria moja asiyoivunja hata kwa haraka ya namna gani: kabla ya kutenganisha vitu viwili vilivyozoeana, weka alama. Mstari mmoja unaokatiza vyote viwili, ili vikirudi vikutane vilevile.

Basi siku ile, kardani ikiwa mezani, Elvire alichukua kalamu ya rangi nyeupe na kupiga mstari juu ya maungio. Akaenda kumwaga oili chafu. Aliporudi, alimkuta Papa Vedasto na kitambaa na dawa ya kusafishia breki, akiisugua kardani ing'ae. Vedasto alipenda vitu safi. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, alikuja Sweden miaka ya themanini kujifunza ufundi wa mabasi, na alikuwa akisema kwamba Mswidi akiona grisi anakuita mvivu, akiona kunang'aa anakuita injinia. Alisugua uchafu, akasugua na mstari mweupe. Kisha akavuta vile vipande viwili vikaachana, akapaka grisi mpya, akafunga krosi mpya, akavirudisha, akaifunga kardani chini ya gari.

Elvire aliona. Uma wa mbele ulitazama juu, uma wa nyuma ulitazama pembeni, kama watu wawili waliogombana wakakalishwa benchi moja.

Alichukua muda kukusanya maneno, na safari hii yakatoka siku hiyo hiyo.

"Papa, kardani haiko mu fasi yake."

Vedasto alisimama na spana mkononi. "Haiko wapi?"

"Mu fasi yake."

"Fasi," alisema Vedasto, akamgeukia Dieumerci, fundi wake wa pili. "Dieumerci, fasi ni nini? Ni mnyama?"

Dieumerci alitoka Bukavu. Kila jioni alipompigia mama yake simu alisema fasi, fasi hii, fasi ile, hakuna fasi ya kukaa. Alijua neno hilo kama alivyojua kijiko. Lakini alicheka, akasema, "Anataka kusema nafasi, bosi. Kiswahili cha kambini hicho."

"Haiko kwenye nafasi yake?" Vedasto alicheka hadi akaegemea jeki. "Mama, propela iko chini ya gari. Ulitaka tuiweke juu ya paa?"

Tangu hapo ikawa wimbo wa gereji. Elvire, weka kahawa mu fasi yake. Elvire, huo ufagio hauko mu fasi yake. Na gari lilirudi baada ya siku nne likitetemeka. Wakapima tairi. Likarudi. Wakabadilisha tairi. Likarudi tena, na safari hiyo Mzee Method alikuwa amekasirika, na Vedasto, mtu wa watu, mtu aliyesimama mbele kanisani kusoma matangazo, alitafuta pa kuiegemeza aibu yake, akampata aliyekaa kimya kuliko wote. Alisema Elvire alipolisogeza gari uani aliligonga kwenye ukingo wa zege, chini, akaficha.

Ijumaa ya wiki hiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa miezi sita ya Elvire ya kujifunza kazi. Vedasto alipaswa kusaini karatasi ya ofisi ya kazi: anamchukua, au hamchukui. Asipomchukua, Elvire angerudi darasani, kwenye chumba kilekile chenye madirisha yasiyofunguka, mwaka wa nne kwenye kitabu kilekile cha mwanzo, kati ya watu waliokuja juzi na kumpita. Huko alikuwa ameokoka kwa kukariri. Mwalimu akimwambia asome, alisoma alichosikia mwenzake akisoma. Gereji, karatasi ikija, alisema ameacha miwani nyumbani. Dieumerci aliitungia miwani hiyo hadithi nzima: imeolewa, ina watoto, inaishi Hässelby. Vedasto aliambiwa tangu mwanzo kwamba Elvire alimaliza shule ya msingi. Ni mama yake Elvire aliyesema hivyo, kanisani, mbele ya watu, na Elvire akaliacha lipite.

Waliporudi gereji kutoka barabarani, Vedasto aliifungua kardani mwenyewe na kuitupa mezani.

"Hässelby kuna watu wa kunyoosha hizi," alimwambia Mzee Method. "Wana mashine. Watatuambia imepinda kiasi gani. Ijumaa njoo uchukue gari lako." Kisha akamgeukia Elvire. "Kesho asubuhi utaipeleka."

"Kwa gari gani, papa?"

"Gari la huduma liko kazini. Treni ipo."

Dieumerci alicheka puani. "Ataikatia tiketi ya mtoto?"

"Aliyeipinda ataibeba," alisema Vedasto.

Elvire aliitazama ile meza. Kilo kumi na kitu. Badala ya kusema, alifanya kitu kimoja. Alichukua ile kalamu ya rangi nyeupe mfukoni mwake na kupiga mstari juu ya maungio, pale pale yalipokuwa, pamoja na kosa lake lote. Mstari mmoja ulionyooka, ukikatiza vipande viwili visivyotazama upande mmoja.

"Unaipamba?" aliuliza Dieumerci.

Elvire akaifunika kalamu, akairudisha mfukoni.

Asubuhi aliifunga kardani katika blanketi la kijani la mama yake na kuingia nayo treni ya njia nyekundu. Theluji ya Machi ilikuwa imegeuka tope, na tope liliingia na watu kila kituo. Aliilaza mapajani. Grisi ikapenya blanketi, ikapenya suruali. Mwanamke mmoja aliyekaa mbele yake alihama kiti bila kumtazama, kwa ile adabu ya Stockholm inayouma kuliko tusi. Mtoto mdogo alimuuliza mama yake kwa Kiswidi kama yule ni mtoto amelala. Mama akasema nyamaza.

Kwenye kituo kikuu, T-Centralen, alibadilisha jukwaa, akaingia treni ya njia ya kijani, na hapo ndipo wazo lilipomjia, safi kama maji. Kipo kiti cha watu wawili, hakuna mtu. Afungue blanketi. Avute, azungushe meno matatu, asukume. Nusu dakika. Kardani itafika Hässelby ikiwa nzima, mashine itasema nzima, itarudi, gari litanyamaza, kila mtu atafurahi.

Aliweka mikono juu ya blanketi. Vituo viwili vikapita akiwa hivyo.

Gari litanyamaza, na yeye atabaki aliyeligonga. Hakutakuwa na kitu cha kuonyesha. Watasema Hässelby wamenyoosha alichokipinda binti wa kambini. Na kila gari litakalotetemeka miaka kumi ijayo, macho yatamtafuta kwenye kioo.

Akaondoa mikono. Aliikumbatia kardani ikiwa imekosea vilevile, akaibeba kama mtu anayebeba shahidi wake kortini.

Karakana ile ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano kutoka kituo cha mwisho, na alipofika mkono ulishakufa ganzi. Aliyempokea alikuwa mwanamke wa Kiswidi wa miaka hamsini hivi, mabega mapana, jina lake Ella limeshonwa kifuani. Elvire alisema sentensi aliyoikariri njia nzima: bosi anauliza kama imepinda.

Ella aliiweka kwenye mashine, akaizungusha, akatazama sindano. Akaizungusha tena kwa mkono, polepole, akainama, akafumba jicho moja kama anayelenga shabaha. Kisha akasimama wima.

"Nani ameifunga hii?"

"Bosi."

"Haijapinda. Imenyooka kama rula." Akagonga uma wa mbele, akagonga uma wa nyuma. "Ila iko *ur fas*."

Elvire alisimama kama mtu aliyeitwa jina lake katika soko la ugenini.

"Fas?" aliuliza.

"Fas." Ella akainua ngumi zake mbili, vidole gumba juu. "Uma mbili zitazame upande mmoja. Hivi." Akazungusha ngumi moja. "Hii yenu iko hivi. Mmoja unavuta, mwingine unasukuma. Gari linatetemeka, sivyo? Kuanzia sabini, kwenye kiti, siyo kwenye usukani?"

"Ndiyo," alisema Elvire. "Kofia inatembea."

Ella alicheka, siyo kwa kumcheka. Kwake fas ni jinsi vitu viwili vinavyokwenda pamoja, na *ur fas* ni vikiachana. Kwa Elvire fasi ni mahali kitu kinapokaa. Maneno mawili, mama mbalimbali, lakini yote mawili yalionyesha kidole chuma kilekile. Wiki tatu. Wiki tatu alikuwa amelisema, kwa sauti, mbele ya mafundi wawili, na wakalifanya wimbo wa kuwekea kahawa.

Ella alivuta vipande vikaachana. Akauona mstari mweupe, akamtazama Elvire. "Hii alama ni yako?" Elvire akatikisa kichwa kukubali. Ella hakuufuta. Akazungusha meno matatu, akasukuma, na mstari ukakatika vipande viwili: nusu huku, nusu kule, upana wa vidole viwili kati yake. Akaipima upya kwenye mashine, akaridhika. Kisha akaandika hayo yote kwenye karatasi, akaipiga muhuri.

Njiani kurudi Elvire aliishika karatasi hiyo wazi safari nzima. Mistari ilikuwa imejaa kama siafu. Alitafuta herufi moja moja, kidole chini yake, hadi alipoiona: f, a, s. Alikaa akizitazama herufi tatu hizo hadi Skärholmen.

Siku hiyo Vedasto hakuwepo gereji. Ijumaa asubuhi aliipokea karatasi mlangoni, akaisoma amesimama. Elvire alimtazama usoni wakati wote. Aliona macho yalipofika mahali fulani yakasimama, yakarudi nyuma, yakapita tena. Kisha Vedasto akaikunja mara nne na kuitia mfuko wa shati.

"Wameinyoosha," alimwambia Dieumerci. "Tuifunge."

Alipoilaza kardani mezani aliuona mstari mweupe uliokatika. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kitambaa. Elvire aliwahi. Aliweka kiganja chake juu ya alama, akakiacha hapo, grisi na yote.

"Ni uchafu, mama, ondoa mkono."

Hakuondoa. Dieumerci alitazama kile kiganja, akatazama uma mbili zilizokuwa sasa zikitazama upande mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu Elvire amjue hakuwa na mzaha. Vedasto akatupa kitambaa, akasema haya basi, wakaifunga na mstari wake.

Mzee Method alikuja mchana na mkate wa mdalasini kwenye mfuko. Wakapanda watatu kama siku ile, Elvire nyuma. Barabara kuu. Sabini. Themanini. Tisini. Kofia ya kijivu ilikaa pale ilipowekwa. Mzee Method alifumba macho, akasikiliza kwa makalio yake, akatabasamu.

"Vedasto," alisema, "wewe ni fundi."

"Tulitafuta hadi tukapata," alisema Vedasto.

Gereji, kahawa ikamiminwa, mkate ukakatwa. Vedasto alileta karatasi ya ofisi ya kazi na kuilaza mezani mbele ya wote, kalamu juu yake. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu, na furaha hiyo ilimfanya mkarimu.

"Nilikuwa nimesema sitasaini," alisema. "Mbele ya Method nasema wazi. Gari la mtu ni gari la mtu. Lakini kijana hujifunza kwa makosa. Elvire, nimekusamehe. Utakuja Jumatatu."

"Umefanya vizuri," alisema Mzee Method. "Na wewe binti, siku nyingine ukigonga, sema. Hakuna atakayekumeza."

Basi ndiyo hiyo. Jumatatu. Kalamu ilikuwa imelala pale, imefunguliwa kifuniko. Alichotakiwa kufanya ni kile alichokifanya maisha yake yote: kushukuru, kuinamisha kichwa, kula kipande chake cha mkate.

Elvire aliweka kikombe chini.

"Papa Vedasto," alisema, "ile karatasi ya Hässelby."

"Ipi?"

"Iko mu mfuko wako. Isome."

Vedasto akagusa kifua chake. "Nimeshaisoma. Ni mambo ya vipimo tu."

"Isome kwa sauti. Papa Method asikie."

"Isome wewe basi," alisema Vedasto, na akacheka kidogo, akimtazama Dieumerci ili acheke naye. "Si umesoma? Au miwani bado iko Hässelby?"

Dieumerci hakucheka. Mzee Method alikuwa amesimamisha kikombe katikati ya njia, akimtazama Vedasto mfukoni.

 Elvire aliitazama kalamu, akaitazama karatasi isiyosainiwa. Kisha akamtazama Papa Vedasto machoni, na sauti iliyotoka haikuwa kubwa, lakini haikutetemeka.

"Sina miwani, papa. Sijawahi kuwa nayo. Niliishia darasa la nne, mi sijui kusoma. Wewe unajua. Soma."